Barua kuhusu injini ya Datsun ya mzee

Nairobi

Kwako swahiba,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wanasoma, na karakana haijakauka kazi. Barua yako nimeipata pamoja na picha. Nimefurahi kusikia kwamba hamkuiuza Datsun 240Z ya marehemu mzee, Mungu amlaze pema, maana wapo waliokuwa wakiizungukia tangu siku za msiba. Ile picha ya hedi ikiwa imefunuliwa nimeikuza hadi macho yakaniuma. Silinda ya tano ina mikwaruzo mirefu, na huo moshi wa buluu unaousema ndiko unakotoka. Kwa hiyo injini lazima ishuke, hilo halina mjadala.

Tunachojadili ni huyo jamaa anayetaka kukuuzia kifurushi kizima cha lita 3.1, na kabureta tatu juu yake. Usimtumie hela kwanza. Simwiti tapeli, simjui hata. Ila anakushonea koti bila kukupima.

Ngoja tuanze na hesabu. Injini ya L24 iliyomo humo ina silinda za kipenyo cha milimita 83 na stroki, yaani mwendo wa pistoni juu hadi chini, ya 73.7, ndiyo hizo cc 2,393. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inayosakwa na kila mtu anayerefusha stroki kwenye familia hii ya injini ni ya LD28, ile dizeli iliyofungwa kwenye Nissan Laurel na Cedric, na Marekani kwenye Maxima ya dizeli. Stroki yake ni 83, na ni chuma cha kufuliwa. Ukiilaza kwenye bloki ya L28, ndugu yake mkubwa wa lita 2.8, iliyotanuliwa silinda kutoka 86 hadi 89, unapata cc 3,098. Ndiyo hiyo 3.1 inayosifiwa, na kwa kweli inavuta, sitakudanganya.

Lakini gari hili hili, na lita zake 2.4, lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Huo wa 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun nyingine. Wale hawakukosa nguvu. Walichokihitaji zaidi ni injini inayofika mwisho wa njia ikiwa nzima, na wewe unahitaji hicho hicho. Umeniandikia mwenyewe kwamba unataka kutoka Arusha hadi Tanga na familia, upande milima bila kubadilisha gea kila kona, na mara moja moja uende kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Hizo ni kazi za mvuto wa chini na wa kati. Nguvu inayopatikana mzunguko 7,000 kwa dakika utaisikia lini, na barabara yenyewe ndiyo hiyo yenye matuta kila kijiji?

Kwa hiyo mimi ningechukua krenki ya stroki 83, ila silinda ningeishia 87. Hiyo ni cc 2,960. Unapoteza 138 tu, na unabakiza chuma cha kutanua tena siku za usoni. Bloki ya L24 yenyewe usiiguse. Namba iliyogongwa juu yake ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, na siku wanao watakapotaka kulirudisha lilivyokuwa watakushukuru. Ipake grisi, ifunge nailoni, iweke juu ya mbao stoo.

Tafuta bloki ya L28 yenye herufi F54 ubavuni. Zilikuja kwenye 280ZX za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na silinda zake zimeungana kwa chuma, hazina nafasi ya maji katikati kama zile bloki za L28 zenye herufi N42. Ukiipata, kabla ya kulipa ipelekwe kupimwa unene wa kuta kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti. Pima kila silinda pande nne, juu, katikati na chini. Bloki za kumimina hazifanani. Kiini cha mchanga kikihama kidogo kiwandani, ukuta mmoja unakuwa mnene na wa pili mwembamba, na kwa nje huoni kitu. Upande ule pistoni inapoegemea wakati wa kusukumwa sipendi ibaki chini ya milimita 3.5 baada ya kutanuliwa. Anayekuuzia 89 bila kipimo hicho anacheza kamari na pesa zako.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo soma polepole, ukiweza chukua kalamu.

Kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu wa bloki ni milimita 207.85, iwe L24 au L28. Ndani ya kimo hicho lazima viingie vitu vitatu: nusu ya stroki, urefu wa konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi kichwani. Nusu ya 83 ni 41.5. Konrodi za L24 ni 133, na za L28 ni 130.35. Ukitumia za L24, toa 41.5, toa 133, inabaki 33.35. Ukitumia za L28, inabaki 36. Basi kimo cha pistoni hakichaguliwi kwenye katalogi. Kinatokana na hesabu hiyo. Mimi nachagua konrodi ndefu, kwa sababu pistoni inakuwa fupi na nyepesi, na konrodi hailali sana pembeni ikisukuma. Na stroki ndefu inahitaji msaada huo. Kwa mzunguko 7,000 pistoni ya L24 ya asili inakwenda wastani wa mita 17.2 kwa sekunde. Kwa stroki ya 83 inafika 19.4. Ndiyo maana injini yako nitaifungia mwisho 6,500, hata ukininunia.

Sasa tazama picha ya zile pistoni za kifurushi. Muuzaji ameandika kimo cha 34. Zikikaa na konrodi za 133, jumla inakuwa 208.5, yaani zinatokeza juu ya bloki kwa milimita 0.65. Gasketi ya kawaida ikishabanwa ina unene wa 1.2 hivi. Kwa hiyo kati ya pistoni na hedi inabaki 0.55. Injini ikipata moto, konrodi zikivutika kwenye mzunguko mkubwa, zitabusu hedi. Wapo wanaolikwepa hilo kwa gasketi ya milimita 2, na inafanya kazi, lakini mimi naona ni kufunika jambo ambalo fundi wa pistoni angeliondoa kwa kuzichonga sawasawa tangu mwanzo. Agiza pistoni za kufuliwa, kipenyo 87, kimo 33.35, kichwa bapa. Zitakuja ghali, na hapo ndipo nakuomba usibane mkono.

Boliti za konrodi ziwe mpya. Za zamani zimeshavutwa mara nyingi, na konrodi za L24 za mwanzo zina boliti nyembamba.

Hedi. Uwiano wa mgandamizo ndio utakaoamua kama injini itanoki, yaani itagonga kwa petroli kulipuka vibaya, au haitanoki, nao unatokana na chumba cha moto cha hedi. Hedi iliyoandikwa P90 ina chumba cha cc 53 na kitu. Ya N42 ina karibu 44.6. Kwa silinda hizo nilizokutajia, P90 inakupa takriban 9.1 kwa 1, na N42 inapanda hadi 10.5. Nakusikia ukisema chukua kubwa. Na Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ikiwa nyepesi, hiyo 10.5 itaenda vizuri kabisa. Halafu mtashuka Tanga mchana wa Februari, hewa nzito, joto, gari limejaa watu na mizigo, umejaza petroli kwenye kituo cha njiani ambacho hujui tangi lao lilisafishwa lini, unakanyaga kupita lori. Hapo utaisikia ikigonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Chukua P90. Hakikisha tu si P90A, ambayo ina lifta za mafuta na inakufunga mikono kwenye uchaguzi wa kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu.

Na atakayekuambia tuikwangue P90 ili mgandamizo upande, muulize cheni ataifanyaje. Kemshafti ya injini hii iko juu, kwa hiyo hedi ikishuka, cheni inalegea na taimingi ya valvu inarudi nyuma. Lazima minara ya kemu iwekewe bamba chini yake kwa unene ule ule ulioondolewa. Asiyelijua hilo asiiguse.

Kemshafti ichague ya wastani, inayoacha valvu wazi kwa nyuzi 270 hadi 280 hivi za mzunguko wa krenki, si zaidi. Injini kubwa inaifanya kemu ionekane ndogo, hivyo hata hiyo itatulia vizuri taa nyekundu zikikusimamisha. Lakini ukibadilisha kemu, rokaamu, vile vidole vinavyobonyeza valvu, nazo zinabadilika pahali zinapoguswa. Pakaa uso wa kila rokaamu wino wa kalamu ya kuandikia maboksi, funga, zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa, kisha fungua utazame. Alama iliyofutika inatakiwa ikae katikati, isifike ukingo wa mbele wala wa nyuma. Ikikimbilia ukingoni, badilisha vile vibati vinavyokaa juu ya valvu, vinapatikana kwa unene mbalimbali, hadi alama irudi katikati. Ni kazi ya kuchosha, kumi na mbili zote, na mafundi wengi wanairuka. Kemu mpya kuliwa kabla ya gari kumaliza mwaka mara nyingi huanzia hapo. Kubwa lingine ni siku ya kuwasha: usiiache ingurume polepole papo hapo, iende moja kwa moja mzunguko 2,000 kwa dakika ishirini, na mafuta yenye zinki ya kutosha.

Wakati huo huo weka ule udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha, fungua, ukate na kupima unene uliobaki chini ya kila valvu. Na chini kabla ya kufunga sampu, lile beseni la oili, angalia vichwa vya konrodi vinapita mbali na bloki, maana stroki imeongezeka na vinazunguka duara kubwa zaidi. Pua ya krenki ya dizeli nayo ipimwe dhidi ya puli na gia ya cheni kabla ya kwenda popote. Usidhani vitaingia tu. Puli yenyewe ya mbele, ile yenye mpira ndani, iwe mpya. Krenki ndefu ya silinda sita inajipinda na kujirudi kila moto unapolipuka, na mpira mzee wa miaka hamsini hauzuii kitu.

Kabureta? Hizo Hitachi mbili zilizokuja na gari zisafishe, zitiwe sindano za petroli nyingi kidogo, uanze nazo. Zile tatu za kifurushi ni nzuri kwa macho, na sauti yake, wallahi, nikiisikia naacha chai. Ila zinunue mwaka ujao, injini ikishazoea. Klachi chukua ile ya milimita 240, na difu ya R180 iache hadi ianze kulia yenyewe. Rejeta ndiyo usiicheleweshe.

Kuhusu ununuzi, bloki kwanza na ipimwe. Kisha krenki ipimwe nyufa na inyooshwe, konrodi zipimwe, halafu ndipo pistoni ziagizwe kwa vipimo halisi, si vya karatasi. Ringi na beringi mwisho. Mwenye mashine asitanue silinda hata moja kabla pistoni hazijafika mkononi mwake, azipime moja moja kwa maikromita. Na umwambie abane bamba la chuma juu ya bloki anapomalizia, maana boliti za hedi zikikazwa silinda zinajikunja kidogo, na duara ulilolipia linakuwa yai. Kama huko hakuna mwenye bamba hilo, ilete bloki huku. Hapa Industrial Area ninaye mzee anayelifanya hilo vizuri, mkali lakini mkweli. Vitu vidogo kama oringi, mpira wa maji na boliti nitakutafutia Kirinyaga Road mwenyewe, ukinitumia orodha.

Ninachohitaji kwako kwa sasa ni picha tatu: herufi na namba ubavuni mwa hiyo bloki ya L28 unayosema ipo Moshi, namba kwenye hedi yake, na uso wa juu wa bloki ukiwa umefutwa vizuri. Tena mwulize mwenyewe kama iliwahi kuchemsha. Atakataa, lakini mtazame anavyokataa.

Msalimie mama na shemeji, na mwambie kijana wako asiipande ile gari uani, matairi yamekufa.

Wako,
fundi wako wa Nairobi