Kaka, pale kwenye mti wa mringaringa usipeleke kijiko

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, ndo maana naandika hapa. Wifi husoma, atakuonyesha. Nimesikia kijiko, lile tingatinga la kuchimba, kinapanda Januari, dereva mwenyewe ni kijana wa pale Himo, kanipigia kuuliza njia ya kuingia kwetu ina upana gani nikacheka peke yangu, we si unaijua ile njia, masika hata bodaboda anashuka amekalia matope.

Ramani ya nyumba nimeiona, umeirusha kwenye grupu la ukoo. Nyumba nzuri sikatai, vigae vya bluu, maegesho ya magari manne. Ila aliyekuchorea kakuchorea nyumba ya Kigamboni. Huko kwenu ardhi imelala, huku mlimani Kilimanjaro hakuna kilicholala, kuanzia Kilema uje Marangu uende Mamba mpaka Mwika ni mgongo, korongo lenye mto, mgongo, korongo, jirani unamwona kabisa anaanika kahawa ng'ambo lakini kumfikia ushuke mpaka majini halafu upande tena na jasho. Hata kuelekezana huku ni panda, shuka, basi. We ndo ulinifundisha hayo, ulivyokuwa unanibeba kuvuka mto Una maji yakijaa, ukaniambia nikipotea nifuate mfongo, mfereji wetu wa maji, kwenda juu nitakuta watu. Sijasahau, usifikiri nimesahau.

Najua utasema mwalimu wa jiografia ameanza. Ndiyo nimeanza. Udongo wetu ni majivu na mawe ya volkano yaliyooza kwa miaka mingi, ndo maana mgomba unakubali bila kubembelezwa, lakini udongo huohuo ukiukata wima ukauacha wazi, masika ya Machi mpaka Mei yakiukuta unashuka kama uji. Na mvua yetu siyo ya mchezo. Moshi mjini wanapata milimita 900 hivi kwa mwaka, ukipanda mpaka msituni kwenye mita 2,000 na kitu inapita milimita 2,000, kwa sababu upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi unagonga upande wetu huu wa kusini na kumwagia hapa, wenzetu wa Rongai nyuma ya mlima wanapata makombo. Watalii wanapiga picha theluji ya kilele cha Kibo wanadhani ndo tunayoinywa. Maji yetu ni ule msitu, mvua na ukungu unaonasa kwenye miti.

Sasa we unataka kuchimba mita tatu kwenye mteremko upate kiwanja sawa, ung'oe migomba yote, mringaringa uanguke. Babu hakupanda vile kwa kupenda kivuli tu. Mringaringa na mruka juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi pembeni ya mfongo, mizizi ya hivi imeshikana na ya vile. Ukitoa kimoja unaweza ukapona. Ukitoa vyote na kijiko, ukuta wako utaukuta kwa mama mdogo kule chini.

Na wala hakuna pengine pa kwenda. Ile nusu maili ya msitu iliyotengwa 1941 watu wapate kuni na majani ya ng'ombe iliingizwa hifadhini 2005, kwa hiyo juu mwisho, chini ni tambarare ya mahindi na jua lake. Kilichobaki ni kihamba, hili shamba la ukoo tunaloishi, na kihamba ndo kina kaburi la baba.

Hapo ndo nafika pale nisipotaka kufika. Ile siku ya kugawa, baba mdogo alikata sale, lile jani letu la kuombea msamaha, akalifunga fundo, akakuletea mbele ya watu yaishe, yale maneno yetu ya mpaka. Mzee mzima amevua kofia. Kwetu hata mtu aliyeuliwa ndugu yake akiletewa sale anakaa anasikiliza, we unajua, hukuzaliwa Kigamboni. Ukalipokea na simu iko sikioni unaongea na fundi wako, ukaenda kwenye gari ukalitumia kufutia kinyesi cha ndege kwenye kioo. Ukalitupa pale kwenye kahawa. Mama alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, akaingia ndani akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Usiniambie ulikuwa na mawazo, wote tulikuwa tumefiwa.

Na hili la maji tuliseme hapahapa, maana umelitangaza kwenye grupu kwamba nimekufungia mfongo. Sijafunga, nimegeuza. Mfongo una zamu, na asiyekuja kuzibua hapati, sheria hiyo siyo yangu, imekuwepo kabla hata mkoloni hajafika. Masika yaliyopita tope lilijaa kuanzia kwenye banio, pale maji yanapoingilia mfongo, tukaingia mimi na wamama wa chini na majembe, we hukuja, hukutuma hata hela ya soda. Kiangazi kilipofika maharage yao yalikuwa yanakauka, kwako pamejaa nyasi tu, sasa ningemwagilia nyasi? Baba angefanya hivyohivyo, na kiangazi kijacho nitageuza tena. Na usinirudishie habari ya migrevilea niliyokata, ile ilikuwa upande wangu, ni mti wa kutoka Australia unakua haraka, na ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Mringaringa ni kitu kingine na unajua.

Mi sikatazi ujenge. Jenga. Nyumbani ni nyumbani na watoto wako waje Desemba wajue ng'ombe anakula nini. Ila pale zizi la zamani, juu ya njia, babu alishapasawazisha kwa jembe na akapanga mawe, pamesimama mpaka leo hapajawahi kumeguka. Gari mbili zinaingia, hizo nyingine mbili zitalala barabarani kwa baba mdogo, kwanza utapata sababu ya kumsalimia. Ukitaka ghorofa, fuata mteremko, chini vyumba viwili juu sebule, fundi wa mawe wa huku anajua, siyo huyo wa ramani. Na shimo la choo lisikae juu ya mfongo, umelichora palepale maji yanapopita kwenda kwa watu.

Kijiko kikija kabla hatujaongea nitakaa njiani, na mama kasema atakaa na mimi, sasa huyo dereva wa Himo mjulishe mapema asipoteze mafuta yake.

Wifi, kama unasoma wewe, dawa ya presha ya mama imebaki ya wiki moja, ile ile ya mwanzo siyo ile ya pili iliyomvimbisha miguu. Weka kwenye basi la asubuhi, nitaifuata Himo.