Wiki hii hatuongezi albamu mpya, tunarudia tulizosikiliza

Wadau habari zenu, najua kuna watu wanalalamika et listi ya Rolling Stone, lile jarida la muziki la Marekani, ina albamu 500 bora za wakati wote na sisi kwenye grupu letu la kuzisikiliza ndo kwanza tuko ya 14, jamani hatushindani na mtu. Mi naona moja kwa wiki inatosha kabisa, maana albamu ukiipiga mara moja huku unachati bado hujaisikiliza.

Mfano What's Going On ya mwimbaji wa soul Marvin Gaye, ya 1971, ndo namba 1 kwenye listi ya 2020. Mara ya kwanza nikajiuliza hivi hizi sifa zote ni za nini, nyimbo 9, kama dakika 35 hivi, zote nikaona zinafanana. Mara ya tatu nikazima data, nikavaa hedifoni, ndo nikashtuka kumbe nyimbo zinaungana, moja inaingia ndani ya nyingine, vita, umaskini, mazingira, kama barua moja ndefu, yani ukichanganya mpangilio umeiua kabisa!

Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz, ndo naipenda kuliko zote mpaka sasa, nyimbo 5 tu, walirekodi kwa siku mbili 1959. Pet Sounds ya Beach Boys naiheshimu ila bado haijaniingia, siwezi kudanganya.

Halafu listi imejaa Marekani na Uingereza mno, so kila tukimaliza 10 tunaingiza mbili za kuchagua wenyewe. Jumapili kila mtu alete voisi noti ya albamu aliyorudia, hata kama hujaipenda sema tu kwa nini.