Karatasi za mzigo zimekosewa, tunarekebisha au tunafuta?

Ijumaa moja kwenye saa kumi kasoro jioni, tunajiandaa kufunga, jamaa mmoja wa upande wa Kayenze akaingia ofisini kwetu hapa Mwanza, sisi ni mawakala wa forodha, na simu mkononi, salamu yenyewe akatoa nusu. "Kaka, hii sifuri imetoka wapi?"

Akakuza picha. Ilikuwa TANSAD yake, ile hati ya tamko la forodha tuliyomjazia sisi wenyewe, mzigo ni taa za sola za kuvulia dagaa, hizi zilizowatoa watu kwenye karabai. Invoisi inasema taa 600, pakinglisti (orodha ya jinsi mzigo ulivyofungwa) inasema katoni 60 na kila katoni taa 10, hapo hakuna ugomvi. Kwenye tamko sasa, 6,000. Na sio sapulaya aliyekosea jamani, ni sisi, kijana wetu alibonyeza sifuri mara moja ya ziada na mimi ninayetakiwa kukagua kabla haijatumwa nikakagua thamani, nikakagua namba ya HS (ile inayotambulisha aina ya bidhaa na ushuru wake), idadi nikairuka. Nilikuwa na njaa, sina utetezi mwingine.

Jamaa mwenyewe akajaribu kutufariji, akasema si thamani iko palepale dola 5,400, kodi haibadiliki, tuiache tu ipite. Hapo ndo nikamwambia, "Bosi wangu, kaa kwanza." Dola 5,400 ukigawa kwa taa 600 unapata dola 9 kwa taa, bei inayoeleweka. Ukigawa kwa 6,000 unapata senti 90. Taa yenye paneli yake na betri yake kwa senti 90 ya dola, wewe ungekuwa ofisa wa forodha ungeamini? Ungesema huyu kashusha thamani, leta uthibitisho wa malipo, na mzigo unasubiri Dar huku storeji inahesabu. Sifuri moja tu, mtu mwaminifu kageuka mkwepa kodi kwenye skrini ya mtu ambaye hajawahi kumuona.

Kwahiyo leo naandika kuhusu hii kitu maana tunaulizwa kila wiki, na watu wengi wanadhani hati ikishatumwa kwenye sistimu basi imekuwa msahafu. Hapana. Inarekebishika, na wakati mwingine inafutwa kabisa ikaandikwa upya, ila inategemea umegundua saa ngapi na mzigo umefika hatua gani.

Kama hujalipa na hakuna ofisa aliyeanza kuishughulikia, hapo ni kazi nyepesi, wakala anaomba marekebisho kwenye sistimu, anaeleza sababu, anaambatanisha karatasi zinazothibitisha, ofisa anaangalia anakubali au anauliza swali. Ukishalipa inakuwa nzito kidogo kwa sababu sasa kuna hela ya serikali imeingia kwa hesabu ya zamani, kama ulilipa pungufu unaongeza, kama ulilipa zaidi unaomba kurudishiwa, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa miezi 12 tangu siku uliyolipa kuleta dai. Wapo wanaokaa na risiti kwenye droo mwaka mzima wakija wanaambiwa muda umepita, inauma sana kuona.

Pagumu zaidi ni pale mzigo umeshapangiwa ukaguzi, yaani umeangukia njia nyekundu, ofisa kafungua kontena kakuta kitu tofauti na kilichoandikwa. Ukienda kuomba marekebisho baada ya hapo unaonekana unakimbiza mwizi aliyeshakamatwa. Kosa lilelile, ukilisema wewe jana yake ni marekebisho, akilikuta yeye leo ni kesi, na kutoa tamko la uongo sheria imeweka mpaka kifungo cha miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Sisemi kila kosa linafika huko, mengi hayafiki, ila usimpe mtu nafasi ya kujiuliza kama ulikosea au ulikusudia.

Sasa kuna kosa ambalo sisi mawakala hatuwezi kulirekebisha hata ukitupigia magoti, nalo ni la kwenye BL, yaani bill of lading, hati ya mzigo anayoitoa mwenye meli. Jina lako limekosewa, uzito haulingani, namba ya kontena ina herufi imegeuka, yote hayo yanatoka kwa mwenye meli au wakala wake, na ndo wanaopeleka manifesti, yaani orodha ya mizigo yote ya meli, forodha. Manifesti ikisema kilo 2,100 na tamko likisema 1,200 sistimu inaona vitu viwili, kwahiyo lazima BL irekebishwe kule, manifesti irekebishwe, ndipo sisi tuguse la kwetu. Wateja wanakasirika hapa, wanasema mnazungusha. Hatuzungushi mama, tunasubiri mtu mwingine amalize sehemu yake, na yeye ana foleni yake na gharama yake ya marekebisho. Ndo maana tunaomba kopi ya BL ikiwa bado drafti, kabla meli haijaondoka, wakati huo sapulaya anabadilisha kwa imeli moja tu.

Namba za HS nazo ni shida ya pekee yake. Mtu analeta paneli, betri na taa kila kimoja peke yake, anaandika "vifaa vya sola" vyote kwenye mstari mmoja, lakini paneli inakaa 8541, betri inakaa 8507, taa inakaa 9405, na ushuru wake haufanani. Nyavu zilizoshonwa tayari zinakaa 5608, kamba na nyuzi ziko 5607, watu wa Kirumba wanaoleta nyavu wanalijua hili kwa machungu. Kuna mteja alikuja kwetu akitokea kwa wakala mwingine, simtaji, aliyemwekea kila kitu kwenye namba yenye ushuru mdogo akamwambia "hii ndo tunatumiaga". Mzigo ulitoka vizuri tu. Sasa mteja anadhani yamekwisha, kumbe forodha wanaweza kurudi kukagua mzigo uliokwishatoka, kodi iliyopungua inadaiwa mpaka miaka mitano nyuma, na riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Na anayedaiwa sio wakala peke yake, mwenye mzigo anabeba alichokifanya wakala wake. Tulimshauri aandike mwenyewe kueleza na kulipa tofauti. Alinuna wiki nzima, akalipa.

Kufuta hati ni jambo lingine, watu wanachanganya. Kufuta tunaomba pale ambapo tamko lenyewe halikutakiwa kuwepo, sio limekosewa kidogo. Mfano hati imetumwa mara mbili kwa mzigo mmoja, intaneti ilikata mtu akabonyeza tena. Au TIN ni ya mtu mwingine, kuna ndugu wawili hapa mjini wana maduka mawili na TIN mbili, mzigo wa kaka ukaandikwa kwa mdogo mtu. Au aina ya tamko siyo, mzigo ulikuwa unapita Mwanza South kwenda Port Bell Uganda lakini ukaandikwa IM4, yaani wa kutumika hapa nchini, badala ya IM8 ambayo ni ya kupita. Hapo usibandike kiraka, omba kufuta, andika mpya. Ila kufuta sio haki yako kama kufuta meseji, ofisa anaweza kukataa kama anaona unakimbia ukaguzi, na mzigo ukishatoka bandarini hakuna cha kufuta tena. Ukiona uamuzi haukutendei haki una siku 30 za kuandika kwa Kamishna kuomba upitiwe upya, kwa maandishi, na sio kwenda kupiga kelele kaunta.

Na wakati unafuta na kuandika upya saa inatembea. Mzigo wa meli unatakiwa uwe na tamko ndani ya siku 21 tangu ulipoanza kushushwa, ukipita unaweza kupelekwa ghala la forodha, na huko nako usipoutoa unaanza kuelekea mnada. Nimeshaona mtu anabishana na sapulaya kwenye WeChat wiki mbili nzima nani kakosea invoisi huku siku zinaisha.

Kwa wanaoleta kwa lori kupitia Mutukula au Sirari, kidogo tu. Cheti cha uasilia, kile kinachoonesha bidhaa imetoka nchi gani, kikikosewa usichukue kalamu ukasahihisha juu yake hata kama ni herufi moja, kinarudi kwa aliyekitoa, Uganda au Kenya, anakitoa upya. Wale wa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 mna kile cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani, kisomeni kabla lori halijavuka, maana kukirudia ukiwa bado upande ule ni dakika, ukishafika huku ni nauli.

Tunachohitaji kwako ukija na kosa: invoisi ya zamani na mpya (mpya iwe na tarehe yake na sapulaya aeleze kwa nini kabadilisha), pakinglisti, BL, na karatasi ya benki ya malipo uliyotuma nje. Hiyo ya benki watu wanaificha sijui kwa nini, wakati ndo inayokuokoa, maana invoisi mtu yeyote anaweza kuiprinti upya usiku, lakini dola 5,400 zilizotoka kwenye akaunti yako tarehe fulani hazibadiliki. Na barua ya maelezo isainiwe na wewe mwenye mzigo. Andika kilichotokea. "Idadi ilikosewa wakati wa kuingiza, sahihi ni 600 kama invoisi na pakinglisti zinavyoonesha" inatosha, usiandike kurasa mbili za kumshukuru Mungu na serikali.

Upande wa hela, kosa likiwa letu hatukutozi kazi ya marekebisho na storeji ya siku zilizopotea tunakaa tunaongea. Likiwa la sapulaya au lako unalipia, tunakwambia bei kabla hatujagusa chochote.

Yule jamaa wa taa tulikaa naye mpaka magharibi, ombi likatumwa usiku uleule na karatasi zote nne, Jumatatu ofisa akauliza swali moja tu kuhusu katoni, Jumanne idadi ikasomeka 600. Siku tatu za storeji tulilipa sisi. Sasa hivi kabla hatujatuma tamko lolote mteja anapata drafti WhatsApp aisome mstari kwa mstari ajibu sawa, na huyo jamaa wa taa ndo msumbufu kuliko wote, juzi katurudisha kwa sababu ya nukta. Ofisi iko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi mchana. Ijumaa njooni asubuhi.