Mstahiki Meya wa Jiji la Mwanza, tunaomba Jumatano

Mwangaluka, Mstahiki Meya. Salamu kwako na kwa waheshimiwa madiwani.

Mimi ni mwigizaji, ninaishi Igoma. Huu ni mwaka wa tisa niko kwenye kikundi cha watu kumi na mmoja tunaotunga na kucheza maigizo ya jukwaani kwa Kiswahili, hapa hapa Mwanza. Jengo hatuna, ndiyo maana naandika kuomba ukumbi wa umma jioni moja kwa wiki, Jumatano. Nguo, ngoma mbili, taa nne na pazia letu vinalala chumbani kwa mama wa mwenzetu, na hajawahi kutudai hata senti.

Jumamosi moja ya Novemba tulicheza kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya maturubai ya kukodi. Tulikuwa tumefika pale mjane anapokataa kuwapa shemeji zake hati ya kiwanja, mvua ikashuka. Turubai la mbele likajaa maji, likaporomoka. Tukazima taa haraka kwa kuhofia umeme. Nikajua basi, watu wanakimbilia daladala. Kumbe wamehamia kwenye baraza ya madarasa, wamebanana, watoto mabegani, na mama mmoja anatupigia kelele: "Malizieni! Hiyo hati anaitoa au haitoi?" Tukaendelea barazani kwa mwanga wa simu zao. Sehemu ya mwisho, ya baraza la ardhi la kata, hatukuifikia. Giza na radi vilituzidi.

Tangu siku ile sikubali tena nikiambiwa kwamba watu wa Mwanza hawana haja na maigizo.

Na wangekosaje kuwa na haja nayo? Hii ni nchi ya Bagika na Bagalu. Wewe unalijua hili, ila wapo wasomaji wa barua hii wasiotoka kwetu. Vyama hivi viwili vya ngoma vimeshindana Usukumani kwa vizazi. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Manju akiimba jambo lisilo na maana, uwanja unahama. Ndiyo sababu wakabuni mambo: wengine wakacheza na chatu, wengine wakarusha majembe. Mpaka leo, kila mwaka msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, umati unafurika Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Mtazamaji wa Kisukuma ni mkali kuliko mhakiki yeyote wa magazeti, kwa maana hukumu yake anaitoa kwa miguu. Sisi waigizaji hatuogopi hukumu hiyo. Tunachoomba ni uwanja wa kuhukumiwa.

Mahali ndipo tunapokwamia, Mstahiki. Mpenda mpira hahitaji tangazo kujua uwanja wa Kirumba uko wapi. Mwanakwaya anajua siku ya mazoezi. Lakini mtu wa Mabatini au Buhongwa anayetamani kuona igizo, aende wapi, na siku gani? Mwezi huu tuko shuleni, miezi mitatu baadaye tuko nyuma ya baa, kisha hatuonekani nusu mwaka. Watu hujenga mazoea ya kwenda mahali, na sisi mahali hatuna.

Hasara ya pili haionekani kwa aliye nje, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Igizo haliivi kwenye mazoezi. Huiva mbele ya watu, mara ya nne, mara ya tano, pale mwigizaji anapojifunza wapi anyamaze ili kicheko kiishe, wapi maneno ni mengi, na kwa nini mstari aliouona mzuri kitandani saa sita usiku haumfikii aliyekaa nyuma. Sisi tunatunga miezi minne, tunacheza mara mbili, basi. Tumezika kazi tisa namna hiyo. Tatu kati ya hizo naamini zilikuwa nzuri, na zingekuwa nzuri zaidi.

Kumbi za watu binafsi zimepangiwa bei za harusi, na siwalaumu, ndiyo biashara yao. Wa bei ya chini tulioupata mara ya mwisho ulikuwa shilingi 600,000 kwa jioni moja. Tukijaza watu 90 kwa kiingilio cha 3,000, tunapata 270,000, na bado hatujakodi spika. Kuna mwenye ukumbi aliyekubali kutupunguzia, kisha siku mbili kabla ya onyesho akapata sherehe ya kumuaga bibi harusi, akatuondoa. Tulikuwa tumeuza tiketi 64. Tulizunguka na pikipiki kurudisha fedha nyumba kwa nyumba.

Basi vikundi vingi, chetu kikiwamo, vikaishi kwa miradi. Tuliitwa kuelimisha: malaria, UKIMWI, vyandarua, chanjo. Kazi hiyo ina heshima yake na ilitulisha. Lakini ujumbe huja umeshaandikwa, na mwenye mradi ndiye anayejua igizo litaishaje kabla hatujaanza kulitunga. Mkoa huu huu uliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanazuoni wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwamo, walikwenda Malya, Kwimba, wakafanya kazi na wanakijiji ambao shida zao wenyewe ndizo zilizokuwa kiini cha maigizo. Kazi ile inasomwa na wanafunzi wa sanaa nje ya Tanzania. Hapa mjini sijui vijana wangapi wamewahi kuisikia. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ilikatika ghafla, na vikundi nilivyovijua kwa majina vikaacha kukutana. Havikuwa na mtazamaji wa kwao wa kuvirudisha.

Ombi letu ni hili. Ada za kumbi na maeneo ya umma hupangwa kwa sheria ndogo za halmashauri, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Baraza lako lina mamlaka nazo. Tunaomba ukumbi mmoja wa umma, hata bwalo la sekondari, ufunguliwe kwa sanaa za jukwaani kila Jumatano, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, ili mtu wa Kisesa awahi daladala. Jumatano harusi ni chache, kwa hiyo halmashauri haipotezi mteja. Badala ya kodi ya kulipa kabla, ichukue moja ya tano ya mapato ya mlangoni. Tukipata kidogo, mnapata kidogo, tukijaza, mnajaza. Jumatano hizo zisiwe zetu peke yetu. Wapo washairi, wapo wachekeshaji, wapo manju wazee wasio na pa kufundishia.

Vibali pia: tumesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lakini kila onyesho tunaanza upya kuzunguka ofisi. Afisa utamaduni angetuidhinishia ratiba ya miezi mitatu kwa mara moja, ingetosha.

Mkopo wa vikundi, ule wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, hatuombi. Igizo halirejeshi fedha kwa mwezi kama duka. Tunaomba siku na mlango.

Jiji hili sasa linafikika kuliko zamani. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema aliacha kusubiri kivuko. Anakuja mjini kununua, kutibiwa, kusoma. Ningependa aje pia kutazama.

Nikiitwa kwenye kamati nitakuja na daftari letu la mapato, lote, pamoja na kurasa za hasara. Na Jumatano ya kwanza hatutatoza kiingilio. Tutacheza lile igizo la mjane mpaka mwisho, na viti vya mbele tutawawekea akina mama wa ile baraza ya shule, maana nikikutana nao sokoni Igoma bado wananiuliza baraza la ardhi liliamua nini.

Wako mtiifu,
Mwigizaji wa Igoma, kwa niaba ya wenzangu kumi