Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa New Zealand: Wapeni Wabanaba Maji

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, niliyepokewa na nchi yako na ninayekamua ng'ombe Waikato. Nilinyamaza kwa muda mrefu, lakini tangu kampuni moja ya Australia ilipotangaza mwaka 2023 kwamba inataka kwenda Banaba kufuata mabaki ya fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, uvumilivu umenishinda.

Banaba ni kisiwa cha Kiribati chenye kilomita za mraba 6 hivi, kisicho na mto wala kijito, na ukame wake huua. Wenyeji waliponea kwenye mapango yaitwayo te bangabanga, ambamo wanawake peke yao waliingia, wakitambaa gizani na vifuu vya nazi kuchota maji yaliyochujwa na miamba. Mwaka 1900 Albert Ellis, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyotafuta fosfeti, alikuja na mkataba wa kuichimba kwa miaka 999 kwa pauni 50 kila mwaka. Kuanzia 1920 machimbo yalikuwa mali ya Uingereza, Australia na New Zealand, sehemu yetu ikiwa asilimia 16, na hadi yalipofungwa mwaka 1979 zaidi ya tani milioni 20 zilikuwa zimesombwa, na mengi ya mapango yale yakaharibiwa. Fosfeti hiyo ndiyo iliyorutubisha malisho ya nchi hii, ambayo leo yananipa mshahara.

Desemba 1945, baada ya vita, Wabanaba zaidi ya 700 walishushwa na Waingereza Rabi, Fiji, wakalazwa kwenye mahema msimu wa vimbunga, katika kisiwa kilichonunuliwa kwa fedha zao wenyewe. Waliambiwa vijiji vyao vimebomolewa na Wajapani. Uchimbaji, hata hivyo, uliendelea Banaba. Walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London, mwaka 1976 Jaji Megarry, aliyefika hadi Banaba, hakuwapa ushindi dhidi yake, ila aliikumbusha wajibu wake.

Mheshimiwa, najua maana ya kuhamishwa kwenye ardhi ambayo wengine wanaitamani kwa kilichomo chini yake. Nadhani mnanyamaza kwa sababu Wabanaba ni wachache na hawapigi kura huku. Watu kama 300 wanaoishi Banaba leo hutegemea mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na ilipoharibika mwishoni mwa 2020 walibaki na kiu. Siombi tume nyingine. Naomba mtambo wa kudumu, vipuri vyake, na fundi anayelipwa na serikali yako kuutunza hukohuko kisiwani. Wapeni maji, Mheshimiwa, kabla hata ya kuzungumzia fidia.

Wako mtiifu,
Mkamuaji wa Waikato