Kwa vijana wa Mbeya, Kifaransa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa lugha ipi ya kigeni inawafaa vijana wetu. Wengi hapa Mbeya wanataja Kichina, na sishangai: reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, inapita mlangoni petu. Hata hivyo, naona Kifaransa kina manufaa ya karibu zaidi.

Simama Uyole uhesabu malori yanayoelekea Tunduma. Mengine yanavuka Zambia hadi Lubumbashi. Kweli, huko Kiswahili kinazungumzwa, tena kwa ladha yake. Lakini lugha rasmi ya serikali ya Kongo ni Kifaransa, na karatasi za ofisini ndizo zinazotukwamisha. Mimi ni wakala wa mizigo. Mara ngapi nimemlipa mtu anisomee ukurasa mmoja! Na kwa kuwa Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja hiyo haitapungua.

Naziomba halmashauri za Mbeya na Songwe zifungue madarasa ya jioni ya Kifaransa katika shule za sekondari zilizo kando ya barabara kuu, zikianza na madereva, mawakala na wahitimu wa kidato cha nne. Ada iwe ndogo.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya