Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliofahamiana Nje ya Kazi

Ndugu wanachama,

Akina mama na akina baba wa chama chetu cha watu wa kompyuta na mitandao hapa Lubumbashi, nawasalimu wote. Waliotoka Likasi na Kipushi kuja kwenye mkutano huu, poleni na barabara.

Mnakumbuka mkutano wa mwaka jana ulivyoisha. Katibu aligawa vipande vya karatasi, akamwomba kila mmoja aandike, bila kutaja jina, jambo analolifanya siku ambayo hayuko kazini. Tulikuwa watu 41 ukumbini, wengi tumejuana miaka mitano au sita. Nikavisoma kwa sauti kimoja kimoja, nanyi mkawa mnakisia mwandishi. Karibu vyote tulikosea. Kilichosema "Napanda miamba kwa kamba" tulimpa kijana wetu wa minara ya simu, kwa kuwa kupanda ndiyo kazi yake. Kumbe mwenyewe ni dada anayetunza hifadhidata za kampuni ya usafirishaji, yule mpole ambaye vikaoni husikii sauti yake mpaka aulizwe. Kijana wa minara ndiye aliyeandika "Natazama nyota".

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Katika kazi yetu tunajuana kwa hitilafu: huyu ni wa seva, yule wa kebo, mwingine wa jenereta na betri. Unampigia mwenzako saa nane za usiku, anakuokoa, unashukuru, simu inakatwa. Unamjua kwa nywila na waya, lakini hujui anachokipenda wala anachokiogopa. Ndiyo sababu kamati iliamua kwamba kila mwezi mwanachama mmoja atuongoze kwenda anakokupenda, na siku hiyo yeye ndiye mkubwa wetu, hata kama kazini bado yuko kwenye mafunzo. Tulipanga safari 12, tukafanya 9. Mbili zilizuiwa na mvua. Ya tatu niliizuia mimi, na nitaeleza kwa nini.

Tulianza na uyoga. Mwezi wa kwanza mvua ilikuwa imekolea, na mama mmoja anayeandika programu za uhasibu alitupeleka msituni pamoja na mama yake mzazi. Wengi wetu tumezaliwa hapa na tunavipita vile vichuguu vikubwa vya Katanga kila siku bila kuvitazama. Vingine vinafika mita 8 kwenda juu, na watafiti waliopima udongo wa baadhi ya vile vinavyozunguka mji wetu walikuta umri wa zaidi ya miaka 2,000. Bibi alikuwa anavizunguka polepole na kijiti mkononi, akitafuta uyoga. Akiuona uyoga anaung'oa mpaka shina, anaugeuza, anatazama mikunjo ya chini, anaunusa. "Huu ni wa kula. Na huu unafanana nao, lakini si ndugu yake." Katika kapu la mwenzetu mmoja alikuta uyoga mbaya mmoja uliochanganyika na mizuri. Alilimwaga kapu zima. Mwenzetu alijaribu kujitetea, bibi akamwambia tumbo halina msamaha. Tulirudi tukapika, tukala na bukari, yaani ugali, na siku ile nilimwona yule mama wa uhasibu akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Sasa nifike kwenye Lofoi, maana ndiko nilikoelewa nini tunakifanya.

Maporomoko ya Lofoi yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970. Mto unaruka kutoka ukingo wa uwanda wa juu na kuanguka zaidi ya mita 300. Kiangazi kikikomaa maji yanabaki uzi mwembamba, ndiyo maana dada wa hifadhidata alichagua mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika lakini mto haujachoka. Tulikuwa 14 katika magari mawili. Gari la pili lilizama kwenye tope hadi ekseli. Mtandao wa simu ulikuwa umekwisha zamani. Wanaume wakaanza kubishana, kila mmoja na ujuzi wake. Yule dada akashuka, akatoa kamba kwenye begi, akaifunga kwenye mti, akapanga nani avute na nani aweke magogo chini ya matairi. Hakupandisha sauti. Dakika 40 baadaye tulikuwa tunaendelea na safari.

Kesho yake alitufundisha kushuka kwa kamba kwenye mwamba mdogo, mbali na maporomoko yenyewe, wenye urefu usiopita nyumba ya ghorofa nne. Nina miaka 52 na magoti yangu yalikuwa yanatetemeka. Alifunga fundo lenye umbo la tarakimu nane kwenye mkanda wangu, akavuta uzi mmoja, akavuta wa pili, akavuta wa tatu. Kisha akalifungua lote na kulifunga upya. Nikamuuliza kama lilikuwa na kasoro. "Hapana, mzee. Lakini nakala ya akiba ambayo haijajaribiwa si nakala. Na fundo ni vilevile." Nikashuka. Nusu ya njia nilisimama, uso umegusa jiwe, nasikia maji yananguruma upande wa pili wa bonde, na uzito wangu wote uko mikononi mwa mtu ambaye kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza anaishi kartie gani, mtaa gani.

Mwezi wa nane umeme uliporudi kwa kishindo na kuunguza seva ya kituo kidogo cha afya ambacho mwenzetu anakisaidia kwa kujitolea, alipiga simu kwa watu watatu. Wote watatu walikuwa wa Lofoi. Walikuja Jumapili, bila malipo, na dada yule ndiye aliyerudisha orodha ya chanjo za watoto kutoka kwenye nakala za zamani. Nilikuwepo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mwenzake anafanyaje kazi akiwa amechoka. Walikwisha kuonana wakiwa wamechoka.

Wako wanachama, tena wazee ninaowaheshimu, walioniambia kwamba chama ni cha mafunzo, si cha matembezi. Mafunzo tumeyafanya: mawili ya usalama wa mitandao na moja la umeme wa jua, na katibu ana orodha ya waliohudhuria. Lakini kwa maoni yangu kile kilichotokea kwenye kituo cha afya hakifundishwi darasani.

Nyota nazo. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita baridi inauma kweli na mbingu haina wingu. Kijana wa minara alitutoa upande wa barabara ya Kasenga, mbali na taa, akatandika maturubai, akatuambia tulale chali. Njia ya Maziwa ilikuwa karibu juu ya utosi, na kundi la Nge limekaa ndani yake na ile nyota yake nyekundu ya kifuani. Alisema alianza kutazama juu usiku alipokuwa akingoja betri za mnara zijae, peke yake, hana wa kuzungumza naye. Watoto walimuuliza habari za Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Akawaeleza kwamba jina linatokana na kulima, na kwamba wakirudi mwezi wa kumi na moja jua likizama watakiona kinachomoza mashariki, wakati ule ule bibi zao wanapoweka mahindi ardhini.

Niseme sasa lililo zito.

Mwezi wa saba watu 11 walikwenda Kipushi kwa baiskeli, kilomita 30 hivi, wakiongozwa na fundi wetu wa kebo. Mimi ndiye niliyeidhinisha safari hiyo. Niliidhinisha bila gari la nyuma, bila sanduku la huduma ya kwanza, bila kuandika namba za ndugu za kila mmoja. Lori lilimsogeza mwenzetu mmoja hadi kwenye changarawe, akaanguka, mtulinga ukavunjika. Dereva hakusimama.

Aliyesimama ni mbeba makala, yaani mkaa. Mnawajua: baiskeli iliyotiwa nondo ili isipinde, magunia mawili au matatu yamepangwa juu, mtu anaisukuma tangu porini. Aliegemeza baiskeli yake kwenye ule mti anaotembea nao, akafungua utepe wa mpira wa tairi uliokuwa umeshikilia gunia la juu, akavua shati lake, akaukunja mkono wa mwenzetu kifuani na kuufunga. Gunia likaanguka, makala yakamwagika barabarani, hakuyatazama. Alisema tu, "Usimlaze. Mketishe."

Hospitali tuliyofika iliomba malipo ya kwanza kabla ya kumshughulikia. Chama hakikuwa na hata franka moja ya dharura. Tulichangishana kwa simu mpaka saa tatu usiku, na kijana yule akiwa kwenye benchi, jasho linamtoka. Kosa hilo ni langu. Nimemwomba radhi yeye na mama yake nyumbani kwao, na leo nawaomba radhi ninyi. Safari ya mwezi wa tisa niliizuia kwa sababu hiyo, mpaka tuwe na utaratibu. Mwenzetu amepona na amesharudi kwenye baiskeli. Mwezi wa kumi alimtafuta yule mbeba makala kwa wauza makala hadi akampata. Alikataa pesa, akakubali matairi mawili.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mfuko wa dharura, franka 5,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama, usiguswe kwa jambo lingine lolote. Tutapiga kura leo. Sanduku la huduma ya kwanza limekwisha kununuliwa, na wanachama wanne wamejifunza kulitumia. Hesabu zilizobaki Mama mweka hazina atawasomea mwenyewe. Mimi nitasema tu kwamba deni la ukumbi limekwisha, na nampongeza.

Wanachama saba hawakutoka nasi hata mara moja mwaka huu. Niliwatembelea mmoja mmoja. Watatu ni akina mama wenye watoto wadogo, na safari zetu zinaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Hilo tutalibadilisha: angalau safari nne za mwaka ujao zitakuwa za nusu siku, watoto wakaribishwe, kama ilivyokuwa usiku wa nyota. Wengine wanne wamefungwa na zamu. Mwajiri anaandika jina moja tu kwenye orodha ya dharura, na jina hilo linabaki Jumatatu mpaka Jumapili, Noeli na Pasaka. Mmoja wao aliitwa akiwa msibani. Mtu mmoja si zamu, ndugu zangu. Naomba ruhusa yenu kuwaandikia waajiri barua kwa jina la chama, kwa heshima, tukiwaomba waweke angalau majina mawili.

Na asiyetaka kusema anachokifanya siku yake ya mapumziko, asilazimishwe. Yuko mwenzetu aliyeniambia kwamba Jumapili analala, na amefanya vizuri.

Vile vipande 41 bado ninavyo. Arobaini wenyewe wamejulikana. Kimoja kimebaki, kimeandikwa kwa kalamu ya kijani: "Natengeneza mashua ya kwenda nayo ziwa Tshangalele, imekwama kwenye injini." Yeyote aliyekiandika, fundi wetu wa jenereta amenituma nikwambie kwamba Jumamosi hii ana nafasi, na vifaa atakuja navyo.